Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa: Tatizo Linaloanza Kabla Mama Hajafika Kliniki

Maombi ya msaada wa matibabu yanayofika katika kitengo cha miradi kutoka sharika za Kibaha na Kisarawe ni ya aina nyingi, lakini yapo ambayo hurudi kila robo mwaka kwa maneno karibu yale yale: mtoto ana kichwa kikubwa, au mtoto amezaliwa na kidonda mgongoni, ameandikiwa kwenda Muhimbili, familia haina nauli. Usharika huchangisha, mwinjilisti huandika barua, na marafiki zetu walio mbali hutuma walichonacho. Hiyo ni kazi njema na haitakoma. Hata hivyo, fomu yetu ya maombi haina mahali pa kuuliza kwa nini tatizo hilo limetokea na kama lingeweza kuzuilika. Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo mawili kwa ajili ya kamati za maendeleo za sharika, na pia kwa ajili ya wale wanaotuchangia.

Ni vyema ikaeleweka tangu mwanzo kwamba mengi yanayoharibu ubongo na mishipa ya fahamu ya mtoto hutokea katika vipindi viwili vifupi. Cha kwanza ni wiki nne za mwanzo za mimba, wakati ambao mama wengi hawajui kama wana mimba. Cha pili ni mwezi wa kwanza baada ya kuzaliwa. Kliniki zetu hufanya kazi kubwa zaidi katikati ya vipindi hivyo viwili.

Mkeka ambao kingo zake hazikukutana

Katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, kiumbe kilichomo tumboni ni kidogo kuliko punje ya mchele. Mgongoni mwake kuna utando bapa. Utando huo huanza kujikunja kama mkeka unavyokunjwa, kingo zake mbili hukutana na kushikamana, na mfereji unaopatikana ndio utakaokuwa ubongo kwa juu na uti wa mgongo kwa chini. Kazi hiyo yote hukamilika ifikapo siku ya 28 hivi. Mama aliyezoea kuona siku zake kila mwezi atakuwa amechelewa kwa wiki mbili tu. Wengi watasema ni uchovu au homa ya malaria.

Kingo zikishindwa kukutana upande wa juu, ubongo na fuvu havikamiliki na mtoto hufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Zikishindwa kukutana upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, yaani mishipa ya fahamu ikiwa nje au ikiwa imefunikwa na kifuko chembamba cha ngozi chenye maji. Miguu hupungua nguvu au hupooza, na mtoto hawezi kuzuia mkojo wala choo. Wengi wa watoto hawa hupata pia kichwa kikubwa, kwa sababu sehemu ya nyuma ya ubongo huvutwa chini na kuziba njia ya maji yanayozunguka ubongo. Maji yakikosa pa kupita hujikusanya, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hupanuka.

Hakuna laana hapa, wala hakuna mtu aliyeroga. Jambo hili inabidi lisemwe waziwazi katika sharika zetu, maana mama wengi wenye watoto hawa hubebeshwa lawama na ukoo wa mume, na wengine huachwa. Mwanaume anayesema "kwetu hatuna watoto wa namna hii" na kuondoka hajui kwamba tatizo hili huwapata watu wa kila taifa, matajiri na maskini, na kwamba sehemu kubwa yake inahusiana na kilichokuwamo, au kisichokuwamo, katika sahani ya chakula.

Kirutubishi kilichopewa jina la jani

Kirutubishi kinachohusika zaidi huitwa foliki asidi, mojawapo ya vitamini za kundi B. Katika miaka ya mwisho ya 1920 daktari Mwingereza, Bi Lucy Wills, alikwenda India kuchunguza upungufu wa damu kwa wanawake wajawazito, wakiwamo wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay. Mwaka 1931 alitangaza kwamba wanawake hao walipata nafuu walipopewa dondoo la hamira, ingawa yeye mwenyewe hakujua ni kitu gani hasa kilichokuwamo ndani yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wanasayansi wa Marekani walikitenga kitu hicho kutoka katika majani ya mchicha wa kizungu, wakakipa jina linalotokana na neno la Kilatini la "jani".

Uhusiano wake na mgongo wazi ulithibitishwa mwaka 1991. Utafiti ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliwahusisha wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi saba. Wote walikuwa wamewahi kupata mimba yenye tatizo hili, na walikuwa wanatarajia kubeba tena. Waliopewa foliki asidi kabla ya kushika mimba walipungukiwa na uwezekano wa tatizo kurudi kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata utafiti wa Hungary ulionyesha kwamba hata wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo hilo hukingwa.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana: mikrogramu 400 kwa siku, yaani chini ya nusu ya elfu moja ya gramu. Shida yetu ni saa. Kidonge lazima kianze kumezwa kabla ya mimba na kuendelea mpaka wiki ya 12. Anayeanza mwezi wa nne atasaidiwa damu yake, na ni lazima aendelee kumeza, lakini mgongo wa mtoto umekwisha kufungwa au umekwisha kubaki wazi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba takribani mwanamke mmoja kati ya wanne ndiye aliyehudhuria kliniki kwa mara ya kwanza kabla ya mwezi wa nne wa mimba. Tumekuwa tukiwahimiza kina mama wawahi kliniki, na tuendelee. Hata hivyo, kwa tatizo hili hata anayewahi mwezi wa tatu amechelewa.

Chakula cha Kisarawe na chakula cha Kibaha

Foliki asidi ya asili imo kwa wingi katika maharage, kunde, choroko na mbaazi, katika mboga za majani kama mchicha na matembele, na katika machungwa. Vyakula hivi vipo kwetu. Lakini vitamini hii haivumilii moto mrefu, tena huyeyuka katika maji. Kisamvu kilichotwangwa kikachemshwa mpaka kikawa laini, au mboga zilizochemshwa na maji yake yakamwagwa, huwa zimepoteza sehemu kubwa. Muhogo wenyewe, ambao katika vijiji vingi vya Kisarawe ndio unaoshikilia tumbo miezi ya shida, una foliki asidi kidogo tu. Sembe nayo imeondolewa kiini na pumba, na vitamini za kundi B hukaa huko huko. Watu wa Pwani tunapenda ugali mweupe, na mwandishi wa makala hii hana ubavu wa kuwahubiria watu waache sembe. Dona ni bora, ila hata dona peke yake haitoshi.

Nchi nyingi zilitambua kwamba kutegemea kidonge kabla ya mimba hakuwezekani, kwa kuwa mimba nyingi hazipangwi. Zikaamua kuweka foliki asidi ndani ya unga. Marekani ilifanya hivyo kwa lazima kuanzia mwaka 1998. Afrika Kusini ilianza Oktoba 2003, kwa unga wa ngano na wa mahindi, na matatizo ya mgongo wazi na ya fuvu yalipungua kwa takribani asilimia 30. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi wanachama ziongeze kasi katika jambo hili mahsusi, kwa ajili ya kuzuia mgongo wazi.

Hapa ndipo Kibaha na Kisarawe zinapotofautiana. Viwanda vikubwa vya ngano vya Dar es Salaam huongeza virutubishi, na unga wao hufika kwa urahisi katika maduka ya Maili Moja na Mlandizi. Mama wa Kibaha anayekula chapati au maandazi asubuhi hupata kiasi fulani bila kujua. Kwa upande wa mahindi mambo ni tofauti. Mahindi mengi ya nchi hii husagwa katika mashine ndogo, na kanuni za mwaka 2011 zimekuwa zikitekelezwa zaidi katika viwanda vikubwa. Kadiri unavyoiacha barabara kuu ya Morogoro na kuingia ndani kuelekea Mzenga au Maneromango, ndivyo unga wa paketi unavyopungua na mashine ya kijiji inavyobaki kuwa ndiyo kiwanda. Mwanamke hufika na debe lake, husubiri foleni, hulipa, na kurudi nyumbani na unga ule ule aliokuja nao ukiwa punje.

Teknolojia ya kusaidia mashine ndogo ipo. Shirika la Sanku, linalofanya kazi hapa Tanzania, limekuwa likifunga katika mashine za aina hiyo kifaa kinachopima uzito wa nafaka na kudondosha chenyewe kiasi sahihi cha mchanganyiko wa madini chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Namna wanavyogharamia mchanganyiko huo inafaa kujifunza: hununua mifuko mitupu ya unga kwa wingi, kwa bei ya jumla, wakamuuzia msagaji kwa bei aliyoizoea, na tofauti ya bei ndiyo inayolipia virutubishi. Mlaji haongezewi bei, wala msagaji hapati hasara.

Ugumu uko kwa yule wa debe. Yeye anataka kuuona unga wake ukitoka kama ulivyoingia, na akiona kitu kinadondoka kutoka kwenye kisanduku atauliza ni nini. Asipojibiwa vizuri siku hiyo hiyo, ifikapo Jumapili maneno yatakuwa yameenea kwamba ni dawa ya kufunga uzazi. Kwa sababu hiyo kamati yoyote ya usharika yenye mashine ya kusaga, au inayofikiria kuomba fedha za kununua, inatakiwa iandae maelezo kabla ya kifaa, na ikae na mwenyekiti wa kijiji, shehe wa msikiti wa jirani na mhudumu wa afya kwa pamoja. Katika wilaya hizi mbili majirani zetu wengi ni Waislamu, na mashine ya usharika husagia wote.

Mambo mengine yanayoongeza hatari

Upungufu wa foliki asidi si sababu pekee. Kisukari kisichodhibitiwa kwa mama, na joto kali la homa katika wiki za mwanzo, huongeza hatari. Kwa upande wetu wa Pwani homa maana yake mara nyingi ni malaria, hivyo chandarua kinamhusu mwanamke wa umri wa kuzaa hata kabla hajawa mjamzito.

Aidha, ipo dawa ya kifafa iitwayo valproeti ambayo huongeza sana hatari ya mgongo wazi. Mwanamke mwenye kifafa asiiache dawa ghafla, maana degedege lenyewe linaweza kumuua. Aende kwa daktari azungumze juu ya kubadilishiwa kabla hajapanga kushika mimba. Vivyo hivyo kuhusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2018 matokeo ya awali kutoka Botswana yalileta hofu kwamba dolutegravir inasababisha mgongo wazi. Takwimu zilivyoongezeka, tofauti ile ilizidi kupungua hadi haikuonekana tena, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watu wazima wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwamo. Mwanamke asiache dawa kwa sababu ya habari ya zamani.

Kuna suala la mahindi yenye ukungu pia. Mwaka 1990 na 1991, katika eneo la Texas linalopakana na Mexico, wanawake wanaokula mikate ya mahindi kila siku walizaa watoto wengi kuliko kawaida wasio na fuvu. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye sumu ya ukungu iitwayo fumonisini, ambayo huzuia foliki asidi isiingie vizuri kwenye seli. Sumu hiyo imepatikana pia katika mahindi ya Tanzania. Mahindi yaliyoshika ukungu yasisagwe kwa matumizi ya nyumbani, hata kama njaa inabisha hodi. Na yasiuziwe jirani.

Mwezi wa kwanza baada ya kuzaliwa

Si kila mtoto mwenye kichwa kikubwa alizaliwa nacho. Katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, daktari Mmarekani Benjamin Warf alichunguza watoto 300 aliowatibu na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Takribani asilimia 60 walikuwa wamepata tatizo hilo baada ya maambukizi ya ubongo, na wengi wao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Yaani mtoto alizaliwa mzima, akapata homa na degedege siku chache baadaye, akaonekana amepona, kisha kichwa kikaanza kukua. Kwa miaka mingi haikujulikana ni mdudu gani. Mwaka 2020 timu ya watafiti waliofanya kazi na hospitali hiyo ilitangaza kwamba kwa watoto wengi wamegundua bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao dawa za kawaida za kuua vijidudu kwa mtoto mchanga huenda zisiwaweze.

Kwa mama wa kijijini ujumbe ni mfupi: kitovu kibaki kikavu na kisafi, kisipakwe majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta, anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni, na mtoto mchanga mwenye homa, anayekataa kunyonya au anayekakamaa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri mpaka kesho.

Kupumua kwa shida wakati wa kuzaliwa nako huumiza ubongo. Tanzania ilianza mwaka 2009 kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto asiyelia apumue ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo ya hospitali nane, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa karibu nusu. Hospitali yetu ya Kilutheri ya Haydom ni miongoni mwa waliobeba kazi hiyo na kuiendeleza. Kujifungulia kwenye kituo chenye mkunga aliyefundishwa ni kinga ya ubongo pia.

Jibu kwa swali la marafiki zetu wa Ulaya

Wageni wa sharika rafiki za Ulaya ya kaskazini hutuuliza mara kwa mara kuhusu ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao huko kwao ni wa kawaida na kwetu ni nadra. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Inafaa kuutaja kwa kuwa nao mizizi yake imo utotoni. Mwaka 2022 utafiti juu ya wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kwamba mtu akiambukizwa kirusi cha Epstein-Barr akiwa kijana, hatari yake huongezeka mara 32. Hapa kwetu karibu kila mtoto hupata kirusi hicho katika miaka ya mwanzo kabisa, na hudhaniwa kwamba hiyo, pamoja na jua letu linalotupa vitamini D, ni sehemu ya sababu ya ugonjwa huo kuwa nadra. Uchunguzi uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi wahamiaji waliotoka nchi za joto hupata ugonjwa huo zaidi ya wazazi wao. Kirusi hicho hicho kikikutana na malaria ya mara kwa mara huchangia saratani ya taya ya watoto, ambayo Dkt. Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Kila nchi ina jambo lake linalowapata watoto wake mapema.

Mtoto aliyekwisha zaliwa na tatizo

Mtoto mwenye kidonda cha mgongo anatakiwa afanyiwe upasuaji mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili tatu, kabla vijidudu havijaingia kwenye uti wa mgongo. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali, mtoto alazwe kifudifudi, apelekwe Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, na kutoka hapo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kutoka Kibaha mjini mpaka Dar es Salaam ni takribani kilomita 40 tu. Kinachochelewesha zaidi ni aibu na vikao vya ukoo.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake hupimwa karibu sentimita 35 kwa kuzungusha juu ya nyusi na masikio. Katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka karibu sentimita mbili kwa mwezi. Kikienda mbio kuliko hapo, utosi ukavimba, au macho yakawa yanaelekea chini na weupe ukaonekana juu ya mboni, ni dalili ya hatari. Futi ya fundi cherehani inatosha kupimia, na kila mtaa una fundi.

Matibabu ya kawaida ni kuweka mrija unaoyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija huo huweza kuziba au kuingia vijidudu, na mtoto akarudi kufanyiwa upasuaji mara ya pili au ya tatu. Dkt. Warf aliendeleza Mbale njia ya kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo bila mrija, na madaktari wa nchi nyingi walikwenda huko kujifunza. Njia hiyo haiwafai wote. Kwa watoto wa mgongo wazi kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye picha zetu za majarida: kibofu. Mkojo ukibaki ndani huharibu figo polepole. Mzazi hufundishwa kuutoa kwa mrija safi kila baada ya saa chache, kila siku, maisha yote. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji mzuri kisha akakosa huduma hii anaweza kufa kwa figo akiwa na umri wa kwenda shule. Chama cha wazazi cha ASBAHT huwafundisha wazazi jambo hili, na ni vyema kila familia tunayoisaidia iunganishwe nacho.

Kwa wafadhili wetu, basi, hesabu ni hii. Mchango wa upasuaji una picha ya mtoto kabla na baada, na una jina. Mchango wa foliki asidi hauna picha, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa mzima hajulikani kwamba angezaliwa vinginevyo. Tunaomba vyote viwili, ila tungependa sehemu ya mfuko wa diakonia wa wilaya hizi mbili itengwe kwa ajili ya kinga, hata kama taarifa yake ya mwaka itakuwa na takwimu nyingi na picha chache.

Nafasi ambayo sharika zinayo

Zahanati humwona mwanamke akiwa tayari mjamzito. Usharika humwona mapema zaidi, katika mafundisho ya ndoa na wakati wa matangazo. Ikiwa kila jozi inayokuja kwa mchungaji ingeondoka na maelezo ya kidonge hiki na mahali pa kukipata, tungewafikia kwa wakati unaofaa. Wapo pia wasichana ambao hawatasubiri ndoa, na kuwanyamazia hakuwasaidii. Katika vijiji vya Wazaramo somo na kungwi wanamfundisha mwali mambo ya uzazi kabla ya mtu mwingine yeyote, na maneno yao hayasahauliki. Kikao kimoja na makungwi wa kijiji kinaweza kufanya kazi kuliko vipeperushi vingi.

Tahadhari mbili. Kidonge cha kawaida ni cha mikrogramu 400. Mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa mara kumi, na hiyo huandikwa na daktari. Pili, dozi ya miligramu 5 inayouzwa madukani hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kuzuia malaria ambayo wajawazito hupewa kuanzia mwezi wa nne. Mjamzito asijinunulie, amweleze mhudumu wa kliniki anachokimeza.

Kamati za maendeleo zinaombwa kuleta kwenye kikao cha robo mwaka kijacho orodha ya mashine za kusaga zilizomo katika mitaa yao, za usharika na za watu binafsi: iko wapi, inaendeshwa kwa umeme au dizeli, inasaga kwa debe tu au inafungasha na kuuza, na mwenye mashine yuko tayari kuzungumza au la. Sharika ambazo hazina mashine katika eneo lao ziandike wananchi wanasagia wapi na ni mwendo wa saa ngapi.